Kizibo

Januari, saa mbili asubuhi, kijiji cha Trefor.
Barafu imetanda juu ya mfereji
kama utando wa maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Tuko sita. Mnyororo napewa mimi
kwa kuwa, asema Emrys, mikono yangu haina pupa.
Naushusha ndani ya maji meusi, napapasa,
hadi kulabu inauma pete.

Hapa mto Dyfrdwy unapita chini, mfereji unapita juu.
Maji juu ya maji, na kati yao
minazi miwili, mmoja umesimama utosini mwa mwenzake.
Nguzo za mawe zimebeba beseni la chuma
refu kuliko mtaa wetu wa Turiani,
na upande mmoja hauna hata kamba ya kushika.
Siku ya kwanza nilitambaa, sioni haya kusema.
Emrys alicheka, kisha naye akapiga magoti
akatambaa nami hadi ng'ambo.

Waliojenga hawakuwa na saruji yetu hii.
Walikoroga chokaa kwa damu ya ng'ombe, ndivyo wasemavyo hapa,
na pale chuma kilipokutana na chuma
walishindilia flana, sufu ya kondoo wa milima hii,
iliyochemshwa kwanza katika sukari.

Sukari.

Emrys alilitaja neno hilo akitafuna mkate
kama mtu anayetaja msumari.
Mimi niliacha kula.

Baba alikata miwa Mtibwa misimu kumi na tisa.
Alirudi jioni na majivu ya shamba lililochomwa,
mama akimmwagia maji uani kabla hajagusa mlango.
Jani la muwa lina meno; viganja vyake
vilikuwa na mistari ambayo Mungu hakuichora.
Na chai yetu tuliinywa bila kitu.

Basi nilijua kabla sijauliza
kwamba sukari ile haikuota Wales.
Kuna aliyeikata, kisiwani, kwa mijeledi,
akahesabiwa kwenye daftari moja na nyumbu,
asiambiwe kamwe kwamba jasho lake
litaziba ufa angani, katika nchi ya ukungu.

Na kuna aliyeichemsha. Nampa jina Lowri,
maana sijaona karatasi iliyompa lolote.
Namwona akikoroga sufuria, mvuke usoni,
mtoto amening'inia sketi akililia ukoko.
Sijui kama alimpa. Nadhani alimpa.

Beseni lilipokamilika walilijaza maji
wakaliacha nusu mwaka, wanangoja livuje.
Halikuvuja.
Mizinga ikapigwa, mabwana wakala, wakahutubu,
farasi wakavuta makaa ya mawe mawinguni.

Sasa navuta.
Kizibo kinakataa, kinakataa, kinakohoa,
halafu mfereji mzima unakumbuka kwamba chini kuna mto.
Ngurumo yake inanipanda kwa nyayo.
Linabaki tope, baiskeli moja, samaki tunaowaokoa kwa ndoo,
na mishono ya chuma, mmoja baada ya mwingine.
Nainama. Napitisha kidole kwenye mshono, nakilamba.
Kutu.
"Unatafuta nini?" auliza Emrys.
"Nimeonja tu."

Usiku nampigia baba.
"Huo mfereji unamwagilia shamba gani?"
Haumwagilii kitu, baba. Siku hizi ni mashua za starehe.
Kimya. "Maji yote hayo?"
Yote.
Namsimulia habari ya flana. Anacheka mpaka kifua kinambana,
kile kifua cha majivu, nasubiri kitulie.
"Na imeshika?"
Imeshika. Miaka mia mbili na ushei.
"Basi aliyeukata muwa ule," asema baba,
"aliukatia chini kabisa, kwenye shina,
kwenye utamu."
Kisha akaniuliza kama huku nako kuna umande.